Chupa Safi Haitoshi: Handeni na Korogwe Zinavyotufundisha Kuhoji Virutubisho

Mabasi mengi yatokayo Dar es Salaam kwenda Tanga, Moshi na Arusha hupita Segera, njia panda ya wilaya ya Handeni, na kabla gari halijasimama sawasawa wachuuzi wameshafika madirishani. Wanauza machungwa, mahindi ya kuchoma, maji na korosho. Baadhi hupanda kabisa, wakasimama katikati ya viti, wakasalimia kwa Bwana Yesu asifiwe na kwa Assalaam aleikum ili asibaki mtu nje ya salamu, kisha wakafungua begi. Humo mna unga wa mlonge, mafuta ya habasoda, vidonge vya vitamini vyenye maandishi ya nchi za mbali, na chupa ya maji mekundu ya kuongeza damu. Kwa maneno ya muuzaji, dawa moja huondoa ganzi, hushusha presha, husafisha figo, humpa mtoto hamu ya kula na humrudishia baba heshima ya ndoa. Basi linapoingia Korogwe, begi limeshapungua.

Abiria mwenye tahadhari huuliza jambo moja tu: hii ni halisi au ni feki? Swali hilo ni zuri na lazima liendelee kuulizwa. Lakini wilaya hiyohiyo ya Handeni iliwahi kuwa mahali pa utafiti ulioonyesha kwamba hata kirutubisho halisi, kilichoandaliwa na wanasayansi kwa uangalifu wote, kinaweza kumwongezea mtoto mmoja ugonjwa na kumwacha salama mwenzake wa nyumba ya pili. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011. Yanastahili kujulikana Mkata, Kabuku na Sindeni kuliko kokote kwingine, maana ni watoto wa wilaya hiyo waliotoa damu yao yakapatikana.

Watoto 612

Mwaka 2008 timu ya watafiti, wakiwamo Jacobien Veenemans na Hans Verhoef kutoka Uholanzi pamoja na Erasto Mbugi wa Tanzania, iliandikisha watoto 612 wa vijijini Handeni. Walikuwa na umri wa miezi 6 hadi 60, na wote walikuwa wafupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wao, dalili ya lishe duni ya muda mrefu. Malaria ilikuwa kali katika vijiji hivyo. Waliokutwa na vimelea mwanzoni walitibiwa kwanza kwa dawa ya mseto, kisha watoto wote wakagawanywa kwa kura katika makundi manne. Kundi moja lilipewa zinki peke yake, miligramu 10 kila siku. La pili lilipewa mchanganyiko wa vitamini na madini, chuma ikiwamo, bila zinki. La tatu lilipata mchanganyiko huo pamoja na zinki. La nne lilipewa kitu kinachofanana na hivyo kwa macho lakini hakina kirutubisho chochote ndani. Makundi yalitofautishwa kwa rangi tu. Si mzazi, si mhudumu, si mtafiti aliyejua rangi ipi imebeba nini.

Utafiti huo ulikuwa na sababu nzito. Asilimia 67 ya watoto hao walikuwa na upungufu wa zinki katika damu, na mwili usio na zinki ya kutosha hupambana na maradhi kwa shida. Lilikuwa tumaini la maana kwamba mtoto akijaziwa kilichopungua, malaria itampungukia.

Haikumpungukia. Katika muda wa ufuatiliaji, ambao kwa watoto wengi ulikaribia mwaka mmoja, ziliorodheshwa homa za malaria 1,572. Watoto waliopewa kile kisicho na kitu waliugua mara 2.87 kwa mwaka kwa wastani. Waliopewa zinki waliugua mara 2.89, waliopewa mchanganyiko bila zinki mara 2.95, na waliopewa vyote mara 3.26. Kwa hesabu za kitaalamu tofauti hizo hazikutosha kusema kwamba kirutubisho chochote kilizuia malaria au kiliiongeza kwa watoto wote kwa ujumla.

Kisha watafiti wakawatazama peke yao wale walioanza utafiti wakiwa na upungufu wa madini ya chuma. Hao ndio ambao mtu yeyote, awe daktari au bibi mzaa mama, angesema wanahitaji kuongezewa. Kwao, mchanganyiko wa vitamini na madini uliambatana na ongezeko la malaria la asilimia 41. Wenzao waliokuwa na chuma ya kutosha mwilini hawakupata ongezeko hilo.

Rudia kuisoma aya hiyo kama una mtoto mdogo. Hapakuwa na kiwanda cha uchochoroni wala tarehe iliyofutwa kwa kiberiti. Dozi ilikuwa sahihi, na madaktari walikuwa karibu. Kirutubisho kilikuwa kizima. Kilichokosekana ni kulingana kwake na mwili wa mtoto anayeumwa na mbu kila usiku.

Maelezo yanayotolewa zaidi na wataalamu ni haya. Vimelea vya malaria huishi ndani ya chembe nyekundu za damu, na vyenyewe vinahitaji chuma ili vikue na kuzaana. Mtoto mwenye upungufu wa chuma ni dhaifu, lakini upungufu huohuo huvibania vimelea chakula. Chuma ya kidonge haiingii mwilini polepole kama ile ya dagaa, maharage au matembele. Huja kwa wingi na kwa mkupuo. Nayo inayobaki tumboni bila kufyonzwa hulisha vijidudu vya utumbo, wazuri kwa wabaya.

Handeni ilitoa ushahidi wa hilo la tumbo pia. Taarifa nyingine ya watafiti haohao, iliyotoka mwaka 2012, ilionyesha kwamba zinki ilipunguza kuharisha kwa asilimia 24. Hiyo ni habari njema, na inaendana na ushauri wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa mwaka 2004 kwamba mtoto anayeharisha apewe zinki kwa siku 10 hadi 14 pamoja na maji ya chumvichumvi ya ORS. Lakini mchanganyiko wa vitamini na madini ulielekea upande mwingine: kwa watoto waliokuwa na vijidudu vya giardia tumboni bila kuonyesha dalili, kuharisha kuliongezeka takriban maradufu. Ndani ya utafiti mmoja, katika vijiji vilevile, kirutubisho kimoja kilisaidia na kingine kikadhuru, na ilitegemea nani anakimeza.

Pemba ilitangulia

Handeni haikuwa ya kwanza kutoa onyo. Kisiwani Pemba, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watoto 24,076 wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35 waliingizwa katika jaribio kubwa la kuwapa madini ya chuma na foliki asidi kila siku. Agosti 2003 sehemu ya jaribio iliyohusu chuma ilisimamishwa kabla ya wakati kwa ushauri wa kamati ya usalama. Matokeo yalipochapishwa katika jarida la The Lancet Januari 2006, yalionyesha kwamba watoto waliopewa chuma na foliki asidi walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufariki au kulazwa kwa ugonjwa mkali kuliko wasiopewa.

Pemba ilikuwa na jambo la pili, na mara nyingi husahaulika. Katika kundi dogo la watoto waliofuatiliwa kwa karibu, waliopimwa damu na kutibiwa malaria mapema, wale wenye upungufu wa chuma na damu ndogo walinufaika na vidonge. Ukiliweka hilo kando ya Handeni, ambako wenye upungufu ndio walioongezewa malaria, utaona kwamba sayansi yenyewe haina jibu la neno moja. Ila pande zote mbili zinaungana mahali pamoja: chuma kwa mtoto wa nchi ya malaria iende pamoja na chandarua, kipimo na tiba. Ndivyo ulivyosema mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016. Mchuuzi wa basini hana kipimo cha malaria begini, wala hatakuwepo homa itakapopanda saa nane usiku.

Mizani ya Korogwe

Ukitoka Segera kuelekea kaskazini, ndani ya muda mfupi uko Korogwe, mji wa mkonge na mto Pangani. Hapo, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, imefanya kazi kubwa ambayo majirani wengi wa Hospitali ya Magunga huizungumza kwa jina tu la "watu wa utafiti". Mwaka 2007 na 2008 watoto wa Korogwe na wenzao wa Kilifi, Kenya, jumla 894 wenye umri wa miezi 5 hadi 17, walishiriki jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S. Matokeo ya Desemba 2008 yalionyesha kinga ya asilimia 53 kwa muda wa ufuatiliaji. Kisha likaja jaribio la mwisho na kubwa zaidi, watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, Korogwe ikiwa kituo kimojawapo na Bagamoyo kingine. Shirika la Afya Duniani lilikuja kuipendekeza chanjo hiyo kwa matumizi mapana Oktoba 2021.

Nayataja haya kwa sababu moja. Kabla tone la chanjo hiyo halijamgusa mtoto wa Korogwe, kulikuwa na kamati za maadili, ruhusa ya mamlaka ya dawa, mzazi kusomewa maelezo na kuweka saini au dole gumba, kamati huru ya kufuatilia madhara, na daktari wa kuitwa usiku. Kila homa iliandikwa. Kuanzia watoto wale 894 hadi pendekezo la dunia ilipita zaidi ya miaka kumi na mbili. Sasa chukua kopo la unga wa virutubisho linalouzwa stendi ya mji huohuo. Watoto wale wale wanalishwa, na hakuna hata daftari moja linaloandika kilichowapata. Sidai kwamba kila kopo la vitamini lipite njia ndefu ya chanjo. Nasema pengo kati ya mizani hizi mbili ni kubwa kupita kiasi, na walio upande mwepesi ni watoto wetu.

Nani anapaswa kupima?

Kisheria, Tanzania haijaacha virutubisho bila mwenyewe. Kwa muda mrefu chakula, dawa na vipodozi vyote vilikuwa chini ya mamlaka moja, TFDA, iliyoanza kazi mwaka 2003. Mwaka 2019 majukumu yaligawanywa: dawa na vifaa tiba vikabaki kwa mamlaka iliyopewa jina jipya la TMDA, chakula na vipodozi vikahamia Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Tiba asili zina baraza lake, lililotokana na sheria ya mwaka 2002.

Mgawanyo huo una mantiki, lakini kirutubisho kimekaa mpakani. Maandishi ya kopo yakisema "huimarisha afya", hicho ni chakula. Mdomo wa muuzaji ukisema "huponya kisukari", kinadaiwa kuwa dawa, na dawa lazima isajiliwe kama dawa. Kopo ni lile lile. Wajanja hulijua pengo hili vizuri: huchapa maneno ya chakula kwenye lebo na kuhubiri maneno ya dawa kwa kipaza sauti, kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye semina za kuuza kwa mtandao wa watu. Kwangu mimi hapa ndipo ukaguzi unapopaswa kukaza zaidi, kwa sababu mgonjwa wa presha anayeacha vidonge vyake vya hospitali kwa ajili ya kopo hilo anaumia hata kama ndani mna unga wa mlonge mtupu usio na doa.

Si Tanzania peke yake yenye shida hii. Marekani, kwa sheria yake ya mwaka 1994, mtengenezaji wa kirutubisho hahitaji kibali cha mamlaka kabla ya kukiingiza sokoni; mamlaka huja baadaye, madhara yakionekana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulihesabu bidhaa 776 za aina hiyo ambazo kati ya 2007 na 2016 mamlaka ya huko ilizikuta na dawa zilizofichwa ndani. Karibu nusu zilikuwa za nguvu za kiume, na asilimia 41 hivi za kupunguza unene. Kwa hiyo maandishi "imetengenezwa Marekani" kwenye kopo la Manundu mjini Korogwe au Chanika mjini Handeni si cheti cha usalama, hata pale yanapokuwa ya kweli.

Dawa zinazofichwa zinajulikana kwa majina. Katika za nguvu za kiume huchanganywa sildenafili, ambayo ikikutana na dawa za moyo za kundi la naitrati huweza kushusha presha ghafla mpaka mtu akafa. Katika za kupunguza unene hutiwa sibutramini, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo na mishipa. Katika za kunenepesha na "kuongeza shepu" huonekana deksamethasoni, dawa nzuri mkononi mwa daktari, lakini kwa mtumiaji wa kificho hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na huzilaza tezi zilizo juu ya figo, kiasi kwamba akiiacha ghafla anaweza kuanguka. Binti anayefurahia mashavu kujaa ndani ya wiki mbili ana haki ya kuambiwa kwamba chakula hakifanyi kazi kwa kasi hiyo.

Kipimo cha maabara chenyewe si muujiza. Mkemia huanza kwa kuangalia kama kilichoandikwa kimo, na kwa kiasi kilichoandikwa. Hutafuta risasi, zebaki, aseniki na kadimiamu, ambazo mimea huzivuta kutoka ardhini. Hutafuta bakteria na ukungu. Huangalia kama kidonge kinavunjika, maana kipo kidonge kigumu kinachopita tumboni na kutoka kama kilivyoingia. Kidonge cha kawaida kisicho na ganda hutarajiwa kusambaratika ndani ya dakika 15 katika maji yenye joto la mwili. Na huangalia kama kirutubisho kimestahimili hifadhi. Vitamini C na vitamini A huharibika kwa joto na mwanga, na kopo lililokaa miezi kadhaa juani kwenye meza ya stendi linaweza kuwa lilikuwa zuri kiwandani likawa si chochote huko Mombo, Korogwe. Maabara ya iliyokuwa TFDA ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011, na mwaka 2018 mamlaka hiyo ikafikia ngazi ya tatu ya umahiri ya shirika hilo, ya kwanza Afrika. Uwezo wa nchi upo. Ila uko mbali, na begi la mchuuzi liko Segera.

Unga wa lishe

Kirutubisho kinachotumika zaidi na watoto wa Handeni na Korogwe hakitoki ng'ambo. Ni unga wa lishe: mahindi, mtama au ulezi, soya, karanga, pengine na dagaa, unaosagwa na akina mama na kuuzwa kwa kilo. Naupenda na ninawaheshimu wanaoutengeneza. Katika nchi ambayo kwa takwimu za mwaka 2022 asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, mikono yao inafanya kazi ya Taifa. Lakini mahindi na karanga ndiyo mazao yanayoshambuliwa zaidi na ukungu unaotoa sumukuvu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua ghafla na 20 wakafariki kwa sumukuvu ya kwenye mahindi. Kiteto, moja ya wilaya zilizoguswa, inapakana na Kilindi, ambayo hadi mwaka 2002 ilikuwa sehemu ya Handeni. Sumukuvu haionekani unga ukishasagwa, haina harufu, na jiko la kawaida haliimalizi.

Hata mashirika makubwa hayana kinga. Machi 2019, Karamoja, Uganda, uji wa lishe uliogawiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kwa akina mama na watoto uliwafanya watu karibu 300 kuugua, na watano wakafariki. Uchunguzi ulikuta sumu ya mbegu za datura, gugu linaloota pamoja na mazao shambani. Shirika lilisimamisha ugawaji wa unga huo katika nchi nyingi. Kama chakula cha msaada chenye mikataba na maabara kiliweza kupenywa na gugu, basi mashine ya kusaga ya kijijini inahitaji msaada wa karibu zaidi kuliko faini. Mjasiriamali mdogo anayepitia Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, anaweza kupata alama ya ubora ya TBS kwa gharama ya Serikali. Ofisa biashara wa halmashauri anayekagua leseni angefanya jambo jema kumwambia hivyo siku hiyohiyo.

Mama mjamzito

Sehemu hii naiandika nikiwa na hofu ya kueleweka vibaya, kwa hiyo nianze na lisilo na ubishi. Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki, ambavyo akina mama huviita fefo, vimezwe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apate chuma miligramu 30 hadi 60 na foliki asidi miligramu 0.4 kila siku. Matokeo ya watoto wa Handeni si kisingizio cha mama kuvitupa jalalani.

Shida huanza mama anapoongeza vya kwake. Dukani kuna foliki asidi ya miligramu 5, zaidi ya mara kumi ya pendekezo hilo, na inaonekana bora kwa sababu namba yake ni kubwa. SP, dawa ambayo mjamzito hupewa kliniki kuzuia malaria, hufanya kazi kwa kukinyima kimelea foliki. Dozi kubwa ya foliki asidi hukirudishia kimelea kile kilichonyimwa, ndiyo maana wataalamu huagiza miligramu 5 zisiende pamoja na SP. Mama amemeza vyote kwa nia njema, na vyote ni halisi, lakini kimoja kimemfunga mwenzake mikono. Muuguzi asipouliza, na mama asiposema, hakuna atakayejua.

Vitamini A nayo ina mpaka. Mjamzito hatakiwi kuzidisha uniti 10,000 kwa siku, kwa sababu dozi kubwa huweza kumlemaza mtoto tumboni, na mchanganyiko wa vidonge viwili vya "urembo na nywele" unaweza kuuvuka mpaka huo. Kuna pia udongo wa kula, ule uitwao pemba, unaouzwa katika vijipande sokoni na kuaminiwa kwamba unaongeza damu. Utafiti wa Elias Nyanza na wenzake mkoani Geita, uliochapishwa mwaka 2014, uliukuta udongo unaoliwa na wajawazito ukiwa na aseniki. Geita ni nchi ya migodi na Korogwe siyo, lakini udongo wa sokoni husafiri, wala hauna lebo ya kusema umechimbwa wapi.

Na kabla hatujaondoka kwenye fefo, ziwekwe juu, mbali na mikono midogo. Vidonge hivyo vyekundu hufanana na pipi. Mtoto wa kilo 10 akimeza vidonge 10 vyenye miligramu 60 za chuma kila kimoja, amefika kiwango kinachoweza kumuua. Hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali hata kama anacheza na haonyeshi dalili, kwa sababu chuma huwa na kipindi cha kutulia kabla ya kuharibu ini.

Wanaopaswa kusogea

Sina ugomvi na mlonge wala na wajuzi wa miti wa Uzigua na Usambara. Mkoa huu wa Tanga ndiko, katika miaka ya 1990, waganga wa jadi na madaktari wa Hospitali ya Bombo walikaa meza moja kuwahudumia wagonjwa wa Ukimwi kupitia kundi la Tanga AIDS Working Group, dawa za miti zikitumika na wagonjwa wakifuatiliwa. Huo ni mfano wa nyumbani kabisa wa namna ya kuheshimu na kuchunguza kwa wakati mmoja. Mlonge una majani yenye lishe, na una mizizi na magome yasiyomfaa mjamzito. Mjuzi wa kweli hulijua hilo na hulisema bila kuulizwa.

Ninachokitaka ni TBS na TMDA zinunue bidhaa kimyakimya kwenye meza za Segera, Mkata, Chanika, Manundu na Mombo, kama anavyonunua abiria, zizipime, kisha majibu yabandikwe kwa Kiswahili stendi na kwenye mbao za vijiji: jina la bidhaa, namba ya toleo, kilichokutwa. Taarifa iliyolala kwenye tovuti haimfikii mama wa kijijini Kwamsisi. Halmashauri za Handeni na Korogwe zina maofisa afya na maofisa lishe. Wapewe fungu la kufanya kazi hii na mamlaka ya kuzuia mtu kutangaza tiba ya kisukari ndani ya basi. Wenye maduka ya dawa muhimu wasikubali kuweka rafuni kopo lisilo na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Na kila chumba cha daktari kiongeze swali kwenye orodha yake: unameza nini kingine nyumbani? Liulizwe bila ukali, maana mgonjwa akiogopa kugombezwa atasema hakuna.

Kwako mzazi wa Handeni au Korogwe mwenye mtoto aliyepauka viganja na asiye na hamu ya kula: mpeleke kituo cha afya kwanza, apimwe malaria na wingi wa damu siku hiyohiyo. Akikutwa na malaria atibiwe, alale ndani ya chandarua, na madini ya chuma yaanze kwa kipimo na wakati atakaoelekezwa na mhudumu. Ile chupa uliyonunua basini usiifiche, ibebe ukaionyeshe.